Huruma ya Kumwachia Mzee Chupa Yake

Ukitaka kuzima mjadala wowote wa kifamilia kuhusu baba anayelewa, sema maneno haya: "Mwacheni mzee anywe, kimebaki nini?" Atayasema mtoto wa kiume aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam. Atayasema mchungaji ambaye siku hiyo hana hamu ya ugomvi. Atayasema hata tabibu kijana wa zahanati, anayeona haya kumhoji mtu wa umri wa babu yake habari za ulevi. Wote wataitikia kwa vichwa, na mazungumzo yatahamia kwenye bei ya mbolea.

Niwatendee haki wasemao hivyo, maana si watu wabaya na hoja yao ina mantiki yake. Mzee amevuja jasho miaka arobaini. Amesomesha, amejenga, amemzika mkewe, na wenzake wa rika wanaondoka mmoja mmoja. Watoto wako mjini, simu inaita Jumapili jioni kama salio lipo. Kilabuni ndiko anakopewa shikamoo na watu kumi kwa mpigo na kuulizwa anakumbuka nini juu ya mpaka wa shamba la fulani. Pombe yenyewe ameinywa tangu ujana, mwili umezoea. Ni ya mila, baba yake aliinywa na babu yake pia. Mtu wa miaka 70 habadiliki, na mtoto hamkemei baba. Kwa hiyo aachwe na furaha yake, na nguvu za taifa zielekezwe kwa vijana, ambao maisha yao bado yako mbele.

Hoja hiyo inajiita huruma na inajiita heshima. Huruma nimeitafuta ndani yake sijaiona, na heshima nayo haimo. Nitaipitia kipande kwa kipande. Mifano yangu mingi ni ya Kilimanjaro, lakini msomaji wa Bukoba, Njombe au Kirinyaga akibadilisha tu jina la pombe hatajiona mgeni.

1. "Kimebaki nini?"

Imebaki miaka mingi. Ule umri wa kuishi unaotangazwa redioni, miaka sitini na kitu, ni makadirio ya mtoto anayezaliwa leo, na umevutwa chini na vifo vya watoto wachanga na vya watu wanaokufa wangali vijana. Aliyekwishavuka mitego hiyo na kufikisha miaka 60 nchini Tanzania ana, kwa wastani, zaidi ya miaka 15 mbele yake. Muda huo unamtosha mtoto kuanza darasa la kwanza, kumaliza kidato cha sita na kubakiwa na chenji. Ndio muda ambao familia imeamua, kwa kauli moja na bila kikao, kwamba si kitu.

Na watazame hao wanaosema kimebaki kidogo, jinsi wanavyotumia fedha. Desemba magari yanapanda Moshi yamebeba kreti za bia na chupa za pombe kali, "za mzee". Zawadi inapokelewa kwa vigelegele. Ikifika Machi, kundi la WhatsApp la ukoo linabadilika sura: mzee ameanguka usiku, nyonga imevunjika, anahitaji upasuaji, kila mtoto achangie. Wanachangia. Akifariki kuna mahema, kuna muziki, na katika wasifu wa marehemu inasomwa kwamba "alipenda utani na kinywaji chake", waombolezaji wanacheka kwa upendo. Fedha ya kreti ilipatikana, ya upasuaji ikapatikana, ya jeneza haikukosekana. Iliyokosekana ni nauli ya kumpeleka mahali akazungumze na mtu mara mbili tatu.

2. "Mwili umezoea"

Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, nayo imesimama kichwa chini miguu juu. Kadiri umri unavyokwenda misuli hupungua, sehemu ya mafuta huongezeka, na maji ya mwilini hupungua. Kwa mwanamume maji hushuka kutoka takriban asilimia 60 ya uzito wake ujanani hadi kukaribia 50 uzeeni. Pombe hukaa kwenye maji, haikai kwenye mafuta. Hivyo lita ileile ya mbege, pombe ya ndizi, kwa mtu yuleyule, kwenye benchi lilelile, inaacha kileo kikali zaidi katika damu yake akiwa na miaka 70 kuliko alipokuwa na 35. Ubongo nao unalewa upesi na unachelewa kutulia. Mzee anaweza asiongeze hata tone moja na bado kila mwaka akalewa zaidi. Anaposema, "Mimi kipimo changu ni kilekile tangu enzi za Nyerere," anasema kweli, na hapo ndipo penye tatizo.

Kisha kuna dawa, ambazo enzi za Nyerere hakuwa nazo. Mzee wa leo anatoka kliniki ya presha na sukari na vibahasha vilivyoandikwa kwa kalamu 1x1, 1x2. Glibenclamide ya sukari ikikutana na pombe kwenye tumbo tupu inaweza kuishusha sukari usiku mpaka mtu apoteze fahamu, huku nyumbani wakisema amelala, kachoka na pombe zake. Nifedipine ya presha pamoja na pombe humfanya aone giza anapoinuka kwenda kukojoa. Diclofenac ya goti, ile inayonunuliwa duka la dawa bila kuandikiwa, huchubua tumbo, na pombe huongezea hapohapo mpaka damu itoke. Vidonge vya usingizi vya diazepam vikichanganywa na pombe vinaweza kudhoofisha pumzi hadi ikakatika.

Wazee wengi wanalijua hili nusu nusu. Walishaambiwa kwamba dawa na pombe havichanganyiki, wakasikia, na wakatii kwa namna yao: siku ya kunywa, dawa hazimezwi. Siku ya msiba hamezi. Siku ya ubatizo hamezi, siku ya soko hamezi, na siku mtoto alipotuma pesa hamezi. Mwisho wa mwezi nesi anampima, anakuta presha imepanda, daktari anaongeza dozi. Kwenye kadi panaandikwa kwamba dawa ya kwanza haikufaa. Dawa haikuwahi hata kujaribiwa.

Huo ndio mwili uliozoea. Ukienda wodini kwenye wagonjwa wa kiharusi utakutana na mingine.

3. "Uzee huo"

Mzee anasahau: uzee. Anaanguka: uzee. Mikono inatetemeka asubuhi, halali usiku, hana hamu ya kula, amekonda, analowanisha shuka, anafoka bila sababu: uzee, uzee, uzee. Ni utambuzi wa ugonjwa usiohitaji kipimo wala gharama, na una sifa ya ziada kwamba haumdai mtu yeyote kufanya lolote.

Kila dalili niliyoitaja inaweza kuletwa na pombe, na zinapoletwa na pombe, nyingi hupungua mtu akipunguza au akiacha. Hata kusahau kunakotokana na pombe huweza kupata nafuu kwa kiasi fulani, jambo ambalo ugonjwa wa Alzheimer haukupi. Na kusahau mpaka kupotea njia ya nyumbani hakujawahi kuwa hali ya kawaida ya uzee. Wilaya ya Hai, pale chini ya mlima, ni moja ya sehemu chache za Afrika ambako ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu umehesabiwa kwa uangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwakuta nao asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Maana yake, kati ya wazee kumi wa Hai zaidi ya tisa akili zao zilikuwa zinafanya kazi. Basi mzee wako akianza kupoteza kumbukumbu, usijibu kwa kumtajia mwaka aliozaliwa.

Kuna hali moja ambayo ningependa kila mkamwana aifahamu, maana yeye ndiye anayeiona kwanza. Mtu anayekunywa zaidi ya anavyokula huishiwa vitamini B1. Miguu inapepesuka hata siku ambayo hajanywa, macho yanachezacheza, akili inakuwa kwenye ukungu. Ikiachwa hivyo, anaweza kupoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, akawa anajaza mapengo kwa visa ambavyo havikutokea. Asubuhi anakueleza kwa uhakika kabisa kwamba jana alikwenda Arusha na marehemu kaka yake. Wajukuu wanakaa kumsikiliza, "babu anajua hadithi". Hali hii ikiwahiwa hutibika kwa sindano za vitamini ambazo si ghali. Ikichelewa, hadithi za babu haziishi tena.

Na bibi je? Katika mjadala mzima wa walevi wazee bibi hayumo, kwa sababu anahesabiwa upande wa wauzaji. Ndiye mpika pombe. Pombe ndiyo iliyolipa ada na kununua bati. Anapoonja kuona kama imeiva anafanya kazi. Anapokaa na mteja anatunza biashara. Jioni anapomalizia kilichobaki chini ya pipa anazuia hasara. Hapepesuki barabarani, hivyo hakuna anayemcheka, na asiyechekwa hahesabiwi. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanamume hata kabla ya uzee, kwa hiyo madhara humfikia mapema zaidi na kwa pombe kidogo zaidi. Wale wanaosema "mwacheni mzee anywe" hawajawahi hata kufikiria kusema "mwacheni bibi anywe". Akigundulika, yeye hapewi huruma hiyo ya uongo. Anapewa aibu, na biashara inaendelea.

4. "Ni pombe ya mila"

Mbege inastahili kuelezwa kwa usahihi kuliko inavyoelezwa na mashabiki wake. Ndizi zilizoiva huchemshwa kwa saa nyingi na kuachwa siku kadhaa, kisha huchanganywa na uji wa ulezi uliomeshwa na gome la msesewa linaloipa uchungu wake. Ni kazi ya siku nyingi, ya wanawake, na ikishaiva haingoji mtu: baada ya siku chache imechacha. Pombe ya namna hiyo ilikuja na breki zake. Ilipikwa kwa ajili ya shughuli, ikaisha na shughuli. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002 kuhusu historia ya vileo Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi pombe ilivyofungamana na mamlaka ya wazee: nani anywe, nani ahudumu, nani asubiri nje. Mzee alikuwa juu ya pombe.

Sasa tazama kinachonywewa. Gongo haichachi. Chupa ndogo ya pombe kali ya dukani inaingia mfuko wa koti, na duka linafunguliwa saa mbili asubuhi. Hakuna kata inayozungushwa kwa zamu, hakuna mkubwa wa kusema imetosha, na hakuna shughuli. Anayeniambia hii ni mila anionyeshe mila iliyomtaka mzee anywe peke yake, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa mkopo.

Mila nayo haimkingi mtu na sumu. Mzee asiye na kitu huangukia pombe ya bei ya chini kabisa, ile isiyojulikana imechanganywa nini. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, watu 17 waliripotiwa kufa baada ya kunywa pombe haramu. Na hata ile isiyoua kwa usiku mmoja ina hesabu zake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka pombe kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na ukanda wetu huu, kuanzia Eldoret hadi Moshi na kushuka Malawi, unajulikana duniani kwa saratani ya umio. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na nyama, baadaye ugali, baadaye uji. Wengi wao ni watu waliotuambia kwamba pombe ni chakula.

5. "Ndiyo furaha yake"

Nenda ukaione hiyo furaha saa kumi na mbili asubuhi, kabla haijavaa koti. Mzee amepewa chai. Hainyanyui, maana akinyanyua kikombe kitagonga meno na chai itamwagikia sahani. Anangoja kila mtu atoke jikoni, anainama, anakifuata kikombe kwa mdomo. Kisha anaanza kuuliza saa. Kilabu kinafunguliwa saa nne. Akishazimua, mikono inatulia, utani unarudi, na wapita njia wanamwona mzee mchangamfu. Wanaosifu furaha yake wote wanafika baada ya saa nne.

Usiku si wao pia. Usiku ni wa mkamwana, ambaye hakuolewa na baba mkwe lakini ndiye anayefua mablanketi, anayemwinua sakafuni, anayetukanwa na kesho yake kusikia kwamba mzee hakumbuki lolote. Hakuna mahali gharama yake inapoandikwa. Kaka wa Dar es Salaam anapotamka kwa sauti ya upole "mwacheni mzee", yeye anaondoka tarehe 2 Januari. Mkamwana anabaki.

Na nyuma ya hiyo furaha mara nyingi kuna kitu ambacho hakikuwahi kupewa nafasi. Inakadiriwa kwamba karibu theluthi ya wazee wenye tatizo la pombe hawakuwa walevi ujanani. Walianza baadaye: baada ya kustaafu na kiinua mgongo kuyeyuka, baada ya kumzika mke, baada ya maumivu ya mgongo yaliyokosa dawa. Pombe kwa watu hao ni msiba ambao haujaanuliwa matanga. Tukiuita furaha tunajipunguzia kazi ya kukaa nao.

6. Vijana kwanza

Hapa serikali na familia zinaimba wimbo mmoja. Tarehe 1 Machi 2017 Tanzania ilipopiga marufuku viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki, kilio kilikuwa juu ya vijana. Kila hotuba ya kupambana na ulevi ina maneno "nguvu kazi ya taifa". Sina ugomvi na kuwaokoa vijana. Nina ugomvi na mantiki inayosema binadamu anaokolewa kwa sababu bado anaweza kushika jembe. Mtumiaji wa heroini ana kliniki ya methadone, ambayo katika hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, na ana mamlaka nzima ya kisheria inayopambana na dawa za kulevya. Mzee wa gongo ana methali.

7. "Mzee habadiliki"

Naam, methali: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri ya samaki. Mzee huyohuyo asiyebadilika alijifunza kutuma pesa kwa simu akiwa na miaka 65. Aling'oa kahawa aliyoachiwa na baba yake akapanda parachichi. Wengine wamehama chama, wamehama kanisa, wameoa upya. Wanabadilika kwa kila jambo ambalo mtu amechukua taabu ya kuzungumza nao.

Na pale taabu hiyo ilipochukuliwa, matokeo yamepimwa. Huko Wisconsin, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulihusu wagonjwa 158 wenye miaka 65 na zaidi waliokuwa wakinywa kupita kiasi. Zaidi kidogo ya nusu walipewa mazungumzo mawili na daktari wao wa kawaida, ya dakika kumi hadi kumi na tano kila moja. Baada ya mwaka unywaji wao wa wiki ulikuwa umepungua kwa theluthi moja ukilinganishwa na wengine. Mazungumzo mawili tu. Mwaka 2020 ukachapishwa mwingine uliofanyika Denmark, Ujerumani na Marekani, wenye washiriki 693 wa miaka 60 na kuendelea, watu waliokwisha kuthibitishwa kitabibu kuwa na tatizo la pombe. Baada ya nusu mwaka, karibu nusu yao walikuwa wameacha au wanakunywa kwa kiwango walichodhibiti. Na wale waliopewa tiba ndefu zaidi hawakuwashinda kwa maana yoyote waliopewa vikao vichache.

Najua jibu: hao ni Wazungu, wana bima. Basi twende Eldoret. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wenye watu 614 wanaoishi na virusi vya UKIMWI na kunywa kwa madhara, ulitumia washauri wa kawaida, si madaktari wala wanasaikolojia, waliofundishwa kuendesha vikao vya vikundi kwa Kiswahili. Unywaji ulipungua kuliko katika kundi lililopewa elimu ya afya peke yake. Hawakuwa wazee peke yao, nakubali, lakini wanaodai kwamba ushauri wa pombe ni anasa ya Ulaya watafute kisingizio kingine. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, yameandaliwa mazungumzo mafupi yenye jina lisilohitaji mkalimani, Punguza Pombe Kwa Afya Yako, kwa majeruhi wanaofika idara ya dharura. Na ile hojaji ya maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani inayotumika ulimwenguni kumtambua mnywaji aliye hatarini, AUDIT, ilitengenezwa kwa kuwahoji wagonjwa wa nchi sita, na moja kati ya hizo ilikuwa Kenya. Majibu ya wagonjwa wetu yalisaidia kutunga maswali ambayo wazee wetu hawaulizwi.

8. "Basi aache leo hii!"

Kuna wasomaji ambao mpaka hapa wamekuwa wakishangilia, nao nina neno lao. Wale wanaoamka siku moja na hasira, wakamfungia mzee chumbani, wakamwaga kila kilichomo ndani ya nyumba na kuitangaza familia kuwa imeokoka, wanaweza kumuua kabla ya pombe. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya siku ya kwanza. Anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, akaongea na watu wasiokuwapo, homa ikapanda, moyo ukaenda mbio. Uzee na magonjwa mengine huongeza hatari hiyo. Nyumbani huitwa mapepo, anaitwa mwombeaji, na saa za kumpeleka hospitali zinapita. Hospitali kuna dawa za kumtuliza na vitamini za kumkinga, na hali hiyo inatibika.

Kwa hiyo mzee anayetetemeka asubuhi asikatishwe nyumbani. Aonwe kwanza na mhudumu wa afya, apangiwe kupunguza au kuacha chini ya uangalizi. Ambaye hajafikia huko anaweza kuanza na mambo madogo: kula kabla ya kunywa, kutokunywa usiku ambao anameza vidonge vya usingizi, kuwa na siku za wiki zisizo na pombe, kubadilisha pombe kali kwa nyepesi, na kuwa na taa njiani kwenda chooni. Dawa za presha na sukari zisikatwe kwa sababu ya shughuli, na daktari aambiwe ukweli ili achague zinazofaa.

Halafu kuna ile saa nne asubuhi. Ukimwondolea mzee kilabu, umemwondolea pia shikamoo kumi na shauri la mpaka wa shamba. Asipopata pengine pa kuvipata, atarudi, na atakuwa na haki. Baraza la bao, kikundi cha wazee, jumuiya ya kanisa au msikiti, kesi ndogo za kijiji anazoweza kuamua akiwa na akili timamu, mjukuu anayehitaji kufundishwa kupogoa kahawa: haya ndiyo matibabu ambayo hospitali haiwezi kuyatoa, na familia huyasahau kwa sababu hayanunuliwi Dar es Salaam.

9. Heshima

Limebaki lile la adabu: mtoto hamkemei baba. Sahihi, na hakuna aliyeomba kukemea. Katika desturi zetu mtoto mwenye neno zito kwa mzazi humtafuta mjomba, shangazi, au rafiki wa baba wa rika moja, neno likafika bila kuvunja kitu. Njia ipo, tunaitumia kila siku kwa mambo ya mahari na mirathi. Tunaposema hatuwezi kuzungumza na mzee juu ya pombe kwa sababu ya heshima, wakati juu ya hati ya kiwanja tunazungumza naye kila Krismasi, tuseme tu kwamba kiwanja kina mnunuzi.

Wengine husema ni haki yake kuchagua, naye ni mtu mzima. Ni mtu mzima, ndiyo maana anastahili kuambiwa mambo ambayo mtu mzima huambiwa kabla ya kuchagua: kwamba kipimo chake cha zamani si kipimo chake cha leo, kwamba vidonge vyake vinagombana na glasi yake, kwamba kutetemeka kule kuna jina na kuna tiba. Akishayajua hayo akaamua kunywa, nitanyamaza. Kwa sasa hajaamua. Tumemwamulia, tukaita haki yake.

Hospitali zetu nyingi za umma zina dirisha la wazee. Ombi langu ni dogo, na linaihusu foleni ya dirisha hilo. Maswali matatu ya kwanza ya ile hojaji ya AUDIT yanatosha kuanzia: unakunywa mara ngapi, siku unayokunywa unakunywa kiasi gani, na ni mara ngapi unafikisha vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja. Yaulizwe kwa vipimo vya hapa, kwa lita ya mbege, kopo la komoni na chupa ndogo, maana mzee akiulizwa kwa ujumla atajibu "kidogo tu" na atakuwa hajadanganya. Yaulizwe kwa bibi pia. Nawe mwenye mzazi mwenye kliniki mwezi huu, panda naye gari, ingia naye kwa daktari, na msipoulizwa, mwombe daktari awaulize.